Maradhi Niliyotoka Nayo kwa Wakili

Haya nimeyanyamazia mwaka mzima, si kwa kuwa ni siri (Pemba nzima inayajua, mpaka wauza samaki wa Wesha wakiniona huulizana kama nimeshazikwa), bali kwa kuwa sijapata kuyasema kwa kinywa changu mwenyewe, na aibu ya mtu ni afadhali aisimulie yeye kuliko kusimuliwa.

Naishi peke yangu. Mume wangu katangulia mbele ya haki, na mwanangu mmoja, Omari, anafanya kazi Unguja, hunipigia simu kila Ijumaa baada ya sala, "Mama hujambo?", "Sijambo", "Haya mama, nakimbilia kazini", na miaka minne ilikuwa imepita hajatia mguu nyumbani. Yupo pia Rehema, ambaye sikumzaa, mama yake alikuwa shoga yangu, alipofariki nikamchukua mtoto wa miaka miwili nikamlea. Sasa kaachika, ana watoto wawili, analima mwani huko Micheweni. Kisheria hanirithi hata ukucha. Nami nina shamba la mikarafuu kumi na miwili nililoachiwa na baba yangu, ndiyo karibu mali yangu yote, ukitoa hiki kibanda, na nilitaka liwe lake.

Nikaenda mjini Chake kwa wakili, Bi Salma, nikawachukua jirani yangu Mzee Faki na mwadhini wetu wawe mashahidi. Bi Salma akanieleza taratibu kama anamlisha mtoto: wasia kwa asiyekuwa mrithi haupiti thuluthi ya mali, lakini hiba, kumpa mtu kitu ungali hai na kumkabidhi, hiyo waweza kutoa shamba zima. Ila kwa sharti.

"Uwe mzima, Bi Mize. Mtu akitoa akiwa kwenye maradhi ya mauti, itahesabiwa wasia. Waumwa?"

"Sina hata mafua," nikamjibu, na nilikuwa nimepanda ngazi zake bila ya kupumzika. Nikatia saini, Rehema akakabidhiwa shamba wiki ile ile, nikajiona mwanamke wa maana.

Sasa kwetu mtu hawendi kuandika mambo yake kwa wakili ila kashaliona kaburi. Mzee Faki alipomwambia mkewe, Bi Tatu, kuwa nimeandika, kesho yake alasiri Bi Tatu huyo mlangoni, akanikuta nimejinyoosha kitandani kwa joto tu, basi.

"Bi Mize, shoga yangu, waumwa wapi?"

Nilikuwa nishafungua kinywa niseme siumwi. Lakini alishakaa ukingoni mwa kitanda, kanishika kipaji cha uso kwa kiganja chake, na tangu afe mume wangu hakuna mtu aliyenishika hivyo. Nikasema, "Kifua kidogo."

"Tangu lini?"

"Mwezi sasa." (Huo mwezi ndio ulioniua.)

Jioni ile ikaja sufuria ya uji. Asubuhi wakaja wanawake sita na misala yao, adhuhuri hawana hesabu, wanasoma Yasini, wananikanda miguu, wananiambia habari za harusi ambazo sikualikwa. Rehema akaja na watoto kutoka Micheweni. Omari akaja na boti, akaingia chumbani kwangu na viatu, akalia. Nasema kweli, nilifurahi. Nilikuwa nakohoa na huku nafurahi, na kila nikitaka kuinuka nilikumbuka nyumba hii inavyokuwa wakiondoka, nikakohoa tena.

Siku ya tatu, Rehema yuko miguuni pangu ananipaka mafuta ya habasoda, nikamsikia Omari barazani akimwambia Mzee Faki, kwa upole tu, hakuwa na ubaya, "Lakini mzee, kama mama kaumwa mwezi, basi kaenda kwa wakili keshakuwa mgonjwa. Hiyo si hiba. Ikitokea la kutokea itabidi twende kwa kadhi, na Rehema atapata thuluthi."

Rehema naye kasikia. Aliendelea kunipaka mafuta, ila mkono ulipungua nguvu.

Nikaruka kitandani. Nikatoka uani vile vile, nimeng'aa mafuta, kanga moja, nywele timutimu, na wanawake walikuwa wanatwanga mchele, nikamnyang'anya mtu mchi nikawa natwanga mimi, "Mie mzima! Mwaniona? Mzima!"

Mnadhani walifurahi? Bi Tatu akapiga kelele, "Mkamateni, hizo ni nguvu za kuaga dunia!" Mwengine akasema kapandwa na shetani. Wanawake wanne wakanikumbatia, Yasini ikapandishwa sauti, nikafukizwa ubani mpaka nikakohoa kikweli, na kila nikipigana nao ndivyo wanavyolia. Ikabidi niseme.

"Siumwi. Sikuumwa hata siku moja. Nilisema uongo kwa kuwa mlikuja."

Bi Tatu akaniachia mkono, akachukua sufuria yake, ikiwa na uji nusu, akaenda zake. Wengine wakafuata, wakikunja misala bila ya kuniangalia. Mzee Faki peke yake akasema, "Basi shamba ni la Rehema, na sote tumesikia," na kwa hilo namshukuru mpaka kesho.

Omari akaondoka na boti ya asubuhi. Alipokuwa anapanga mkoba akatoa furushi jeupe, akasimama nalo hajui aliweke wapi. Sanda. Kanunua Unguja, na kafuri ndani yake.

"Niiache, mama?"

"Iache." Miaka minne hakuniletea hata kanga.

Tangu hapo nimeapa, nikiulizwa hali nasema mzima, na upweke sitauita kifua tena. Siku hizi nampigia mimi, simngojei Ijumaa, namwambia wazi, "Omari, siumwi, niko peke yangu tu, njoo."

Hunijibu, "Inshallah, mama."