Mkuu wa Wapiga Makofi wa Nyumba Yetu

Mzee Evaristo wa ghorofa ya kwanza alifanya kazi moja tu maishani mwake: kupiga makofi. Sitanii. Wengine walioka mikate, wengine walishona viatu, yeye alipiga makofi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mkuu wa watu kumi na wawili walioifanya kazi hiyo katika jumba moja la maigizo hapa hapa Madrid. Zamani kila jumba lilikuwa na kikosi chake. Walikaa juu kabisa, nyuma, karibu na dari, na mwimbaji akimaliza wimbo wao ndio walioanza, ili matajiri wa viti vya mbele wajue kwamba wamefurahi.

Nilikuwa nimeishi naye nyumba moja miaka kumi na mitano, yaani tangu nizaliwe, na sikujua. Kwangu alikuwa yule mzee wa tai na suruali ya kunyooshwa, anayegombeza watu kwa kuacha baiskeli ngazini. Nilikuja kujua mwaka ule wa ugonjwa, tulipofungiwa ndani, tena kwa sababu ya zoezi la hesabu.

Mwalimu alitutumia zoezi kwenye simu: chagueni kitu mnachokiona kutoka nyumbani, mkihesabu kwa siku kumi, mchore jedwali. Wenzangu walihesabu njiwa. Mimi nikachagua makofi.

Maana kila siku saa mbili ya usiku mji mzima ulitoka madirishani kuwapigia makofi madaktari, wauguzi na wote wa hospitalini. Nyumba yetu ni ya kizamani, ghorofa nne, vyumba vimejipanga mstari kuuzunguka ua, na mbele ya milango roshani ndefu zenye vyuma na kamba za nguo. Mtu akipiga chafya chini, wa juu anamtakia afya. Basi makofi yalipopigwa ndani ya ua ule ilikuwa kama mvua ya mawe kwenye mabati. Nilisisimka mpaka nywele za mikono. Nilisema moyoni: tazama, nyumba nzima imetoka. Lakini lilikuwa giza, na sikuona mtu. Nilisikia tu.

Kisha Jumapili ya mwisho ya Machi saa zilisogezwa mbele kama kila mwaka, na saa mbili ikaangukia kwenye jua. Nikatoka na daftari langu, nikaona.

Milango arobaini na minne. Iliyofunguliwa, kumi na minne.

Nilihesabu tena. Kwenye milango mingine mapazia yalikuwa yamefungwa, na nyuma ya moja niliona mwanga wa televisheni ukichezacheza. Lakini mvua ya mawe ilikuwa ile ile! Watu kumi na wanne wanatoaje sauti ya nyumba nzima? Nikaacha kutazama milango, nikatazama mikono. Ndipo nikamwona Mzee Evaristo, tai shingoni, akiinua kidole kimoja. Wanafunzi wawili wa ghorofa ya nne wakaanza. Akatikisa kichwa kushoto, Fermín mwenye bucha akaingia. Akanyoosha kidevu kulia, wakaingia akina dada wa chumba cha kona. Mwisho kabisa akaingia yeye, na nyumba ikanguruma.

Kesho yake asubuhi nilimwita nikiwa ghorofa ya tatu.

"Mzee Evaristo! Jana nimehesabu watu kumi na wanne tu!"

"Kumi na watano. Umejisahau mwenyewe. Na usinipigie kelele, nina miaka themanini na minne lakini masikio yangu hayajafa."

"Sasa mbona inasikika kama mia?"

Akaegemea vyuma vya roshani. Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza. "Candela, mwanangu, chumvi unaimwaga mahali pamoja au unaitawanya?"

Akanifundisha, yeye chini, mimi juu, kila siku baada ya masomo. Kiganja bapa hutoa sauti kali inayofika mbali. Kiganja kilichokunjwa kama bakuli hutoa sauti nzito inayojaza. Watu wa kikosi hawakai pamoja kamwe. Hawaanzi pamoja wala hawamalizi pamoja, kwa sababu umati wa kweli hauna saa. Na lazima mmoja achelewe, aendelee peke yake pale wote waliponyamaza, kama mtu aliyeshindwa kujizuia. Huyo ndiye huwaamsha wengine. Na Mzee alimsahihisha Fermín hadharani: "Fermín, unapiga makofi au unaua mbu?"

"Naua mbu, Mzee. Anayeniuma yuko ghorofa ya kwanza!"

Siku moja nilithubutu. "Lakini Mzee, si ni uongo huo? Majirani thelathini hawapigi, na sisi tunapiga ili isikike kama nao wamepiga."

"Viganja vyako vinawasha ukimaliza?"

"Vinawasha."

"Basi vya kwako ni kweli. Vya wengine viulize vyenyewe."

Mtu aliyekuwa akipigiwa, kwa upande wetu, alikuwa mmoja. Reme, jirani yetu wa ghorofa ya tatu, milango miwili kutoka kwetu. Ni muuguzi msaidizi: anaosha wagonjwa, anawalisha, anawageuza. Alituambia kutoka mlangoni kwake kwamba wale wasioweza kupumua hulazwa kifudifudi, na kumgeuza mtu mmoja huhitaji watu sita na mmoja wa kuhesabu, ili mirija isichomoke. Wanageuza jioni, wanageuza tena asubuhi. Niliitazama mikono yake, imepasuka kwa sabuni kama udongo wa kiangazi. Saa mbili alikuwa anatoka kwenda zamu ya usiku, nywele bado zimelowa, anasimama kidogo kwenye roshani na haya zake, halafu anashuka mbio. Mzee Evaristo alikuwa ameupanga mchezo wote kwa ajili yake. Sauti kali chini, nzito juu, zikutane pale anaposimama.

Jumatano moja ya Aprili nilishuka kutupa taka, nikakuta karatasi imebandikwa juu ya visanduku vya barua.

"Jirani mpendwa. Tunajua unafanya kazi kubwa na tunakushukuru. Lakini katika nyumba hii wanaishi wazee na wagonjwa. Tunakuomba utafute mahali pengine pa kukaa mpaka haya yapite. Ni wewe unayeweza kutuletea ugonjwa. Asante kwa yote. Majirani wako."

Nilisimama pale na mfuko wa taka mkononi. Reme alikuwa ameshaiona, maana chini yake kulikuwa na maandishi ya kalamu, ya haraka haraka: "Sawa. Leo jioni. Reme wa tatu."

Nilipanda nikamwambia mama. Mama alikuwa anamenya viazi. Hakugeuka. "Kuna hoteli wamewafungulia watu wa hospitali," akasema. "Labda atapumzika vizuri zaidi huko." Ndani, bibi yangu mzaa mama akakohoa kile kikohozi chake cha miaka yote, na mama akaacha kumenya mpaka kilipokwisha.

Saa mbili kasorobo nilikuwa kwenye roshani. Wale kumi na wanne wakatoka mmoja mmoja. Mzee Evaristo alitoka na tai yake, na mkononi ameshika ile karatasi. Saa mbili ikafika. Mji ukaanza: kwanza mtaa wa nyuma, kisha uwanjani, kisha kila upande, sufuria, filimbi, makofi yakapanda juu ya paa zetu kama ndege. Uani kwetu, kimya. Mzee alikuwa ameweka mikono nyuma.

"Mzee, saa imefika!" Fermín akaita.

"Ninayo saa."

"Sasa toa ishara!"

"Sitoi."

Sijawahi kusikia kitu kama kile. Mji wote unanguruma, na ua wetu ni kama kisima. Hakuna aliyeanza bila yeye. Nadhani mikono ilikuwa imemzoea.

"Mwaka wa sitini na nane," Mzee akasema, wala hakupaza sauti, "wenye jumba walimfukuza mwimbaji mmoja, binti wa watu. Mabegi yake yalikuwa kwenye mlango wa nyuma huku yeye bado anaimba. Nikaambiwa: Evaristo, mpigie vizuri, aondoke bila fujo. Nikampigia. Makofi mazuri kuliko yote niliyowahi kupanga. Aliinama mara nne, akacheka, halafu akatoka akakuta mabegi." Akainua karatasi. "'Wanaishi wazee.' Mzee ni mimi. Nani aliniuliza?"

Na hapo likatokea jambo lililoniacha mdomo wazi. Milango ikaanza kufunguka. Ile mingine. Yule wa televisheni, wale wa mapazia, familia ya chumba cha mwisho ambayo sijawahi kuijua majina. Makofi hayakuwatoa ndani kwa mwezi mzima. Kimya kiliwatoa. Walidhani kuna baya limetokea, na wakaja kwenye vyuma vya roshani na kandambili zao na watoto mikononi, wakajaza ghorofa zote nne, wanatazamana.

Reme akatoka na sanduku la nguo. Alipoona umati ule bila sauti akabadilika rangi. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, binti," Mzee akasema. "Tunasubiri."

"Mnasubiri nini?"

Kisha nyuma yangu, karibu kabisa na sikio langu, nikasikia sauti ya mama.

"Mimi."

Alikuwa na kitambaa cha jikoni mkononi, anakikamua ingawa kilikuwa kikavu. "Niliandika mimi, Reme. Nikaweka 'majirani' kwa sababu niliogopa kuweka Maribel."

Nilitamani sakafu inimeze. Na papo hapo, sijui niseme vipi, nilimwona mama yangu kama mtu mrefu sana. Macho tisini yanamtazama, naye hakurudi ndani.

Reme akaketi juu ya sanduku lake. "Maribel, si wewe unayeniachia supu mlangoni?"

"Ndimi."

"Supu Jumanne, barua Jumatano."

"Naogopa. Mama akikohoa usiku mimi nashika ukuta."

"Mapafu ni yangu!" bibi akafoka kutoka ndani. "Ulipaswa kuniuliza mwenye nayo!"

Mtu akacheka kwa pua. Reme hakucheka. "Na mimi naogopa, mnadhani vipi? Nikirudi asubuhi navua kila kitu hapa mlangoni kabla sijaingia, uchi kama kuku aliyenyonyolewa. Fermín alishaniona."

"Sikuona kitu!" Fermín akaapa. "Nilikuwa naangalia mbingu!"

"Uliangalia mbingu ukagonga ndoo." Hapo akatabasamu kidogo, kisha akasimama, akautazama ua, juu mpaka chini. "Sasa nisikilizeni. Anayetaka niende, aseme kama Maribel, kwa mdomo, nimwone sura. Nitaondoka na sitamchukia."

Mji ulikuwa umeshanyamaza. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye shuka la mtu. Nilisubiri mlango mmoja useme, hata mmoja. Macho yangu yalikimbia kutoka uso mmoja hadi mwingine, na nyuso zile ziliona haya, ziliogopa, lakini hakuna iliyosema.

"Basi ngazi ya nyuma ni yangu peke yangu," Reme akasema. "Asipite mtu mwingine. Na nikute ndoo ya maji ya klorini pale chini kila asubuhi."

"Nitaiweka mimi," mama akasema.

"Iwe ya klorini kweli, Maribel, si ya supu."

Ndipo Mzee Evaristo akaitoa mikono nyuma ya mgongo. Hakuinua kidole. Hakumtazama Fermín wala wanafunzi. Alimtazama Reme tu, akauliza kwa adabu kama mtu anayeomba kupita: "Unaruhusu?"

"Haraka basi, naachwa na treni."

Makofi yale, ee, yalikuwa mabaya! Kila mtu kivyake, watoto wanapiga vyuma, yule wa televisheni anapiga vibaya kuliko wote, kiganja kwenye kiganja kama anayefuta vumbi. Hayakuwa na mwanzo wala mpango wala wa kuchelewa. Yalipanda ua mzima yakanitikisa kifuani, nikahisi chuma cha roshani kinatetemeka mkononi mwangu. Reme alishuka ngazi ya nyuma mbio bila sanduku. Mama akaenda kulichukua mlangoni pake, akalipangusa kwanza kwa klorini, mpini, magurudumu na zipu, kisha akalisukuma ndani ya chumba cha Reme kwa fimbo ya ufagio.

Watu waliporudi ndani, nilimwona Mzee Evaristo bado ameegemea vyuma vyake. Mikono yake ilikuwa myekundu.

"Mzee," nikamwita kwa sauti ndogo, "ulijuaje kwamba mtu atasema?"

"Sikujua." Alikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni. "Maisha yangu yote nimewapa watu makofi, Candela. Sikuwahi kuwanyima hata siku moja. Moyo ulikuwa unanidunda mpaka nikadhani nitaanguka."