Gauni Alilolikata Chaki

Kibanda changu cha kushonea viatu kinatazamana na duka la mafundi cherehani wawili, mume na mke, kwa hiyo nasimulia nilichokiona kwa macho yangu. Mume alikata, mke akashona; ndivyo walivyogawana kazi tangu waoane. Mume tulimwita Chaki, maana chaki ya kuchorea nguo haikumtoka sikioni. Mke hakuwahi kukata hata kitambaa cha kufutia meza.

Chaki alipofariki, aliacha mezani gauni la mama wa saluni, limeshakatwa, linasubiri kushonwa tu. Mke akaanza. Mkono wa kushoto akauweka kulia. Akafumua. Kesho yake akashona shingo mpaka ikazibika. Sasa kichwa kipite wapi? Akalaumu taa, akalaumu cherehani, akanilaumu hata mimi na nyundo yangu. Na huyu ndiye aliyekuwa akishona huku anapiga soga na barabara nzima!

Watu wakasema amechanganyikiwa. Mimi nilikwenda nikamwambia, "Jikaze, ndiyo dunia," nikarudi kwenye viatu nikijiona nimesaidia. Kumbe wapi.

Wifi yake, dada wa Chaki, ana domo si mchezo, lakini hakumwambia ajikaze. Alikuja kila asubuhi, akaketi, akashika wembe, wakawa wanafumua pamoja. Kinachoshonwa leo kinafumuliwa kesho. Mimi mwenyewe nilishindwa kuelewa wanafanya nini.

Siku moja mama wa saluni alikuja akafoka weee, akaondoka. Wifi akauliza:

"Wifi yangu, kwani una nini na hili gauni?"

"Hata sijui." Akalikumbatia. "Nikilimaliza, hakuna tena alichokikata yeye. Halafu nishone nini?"

Wakalia wote wawili. Mimi nikawa nagonga soli isiyo na msumari, ilimradi nisiwatazame.

Mchana wifi alirudi na kitambaa kipya. Akakitandaza mezani, akamsukumia mkasi wa marehemu.

"Nikatie gauni."

"Mimi? Wifi, nitakuharibia!"

"Haribu. Si changu?"

Akaushika mkasi, akakata. Gauni la mama wa saluni likaisha jioni ile ile, kila mkono mahali pake. La wifi lilitoka upande mmoja juu ya goti, upande mwingine chini. Analivaa mpaka leo, na mtu akithubutu kucheka, humjibu kwa sauti ya kusikika mtaa mzima:

"Kalikata wifi yangu!"