Majani Yasiyonukia

Harufu ya samaki wakavu ikitoka kwa jirani, mkono wangu unaenda wenyewe kufunga mlango.

Zamani tulikula bukari, ugali wetu, na mikebuka, vile visamaki vikavu vya chumvi, mlango ukiwa wazi, na kila aliyepita alikaribishwa. Mgodi alikofanya kazi baba ulipoacha kumpa unga wa posho, mama akahamia lengalenga, majani yasiyonukia hadi nje, akafunga mlango.

"Mukule mbio," alinong'ona.

Jioni moja mama jirani akapiga hodi. Tukaacha kutafuna, majani yamejaa mdomoni, mpaka kandambili zake zikasikika zikienda.

Leo, nikiwa mzee, daktari anayasifu majani ninayokula bado. "Lakini papa, mzee wangu, juu ya nini unakulaka mbio? Tumbo yako inaumia."

Naishi peke yangu. Ninakula nimefunga mlango, na kila mara naacha kutafuna, nisikilize kama kuna anayepiga hodi.