Idalina na Mshono wa Kurudi Nyuma

Pale Fall River, Marekani, kiwandani kwetu, kila mtu anajua mshono wa Idalina Furtado haufumuki. Miaka thelathini na nane yuko kwenye cherehani, na kila akifika mwisho wa mshono anarudi nyuma mara tatu, trrr, trrr, trrr, kama mtu aliyefunga mlango halafu anarudi kuusukuma ahakikishe. Kafundishwa na mama yake, tangu kwao Ureno, visiwani Azori.

Zamani tulishona makoti. Siku hizi ni fulana za wagonjwa wa moyo, zina nyuzi za fedha ndani zinazosikiliza mapigo na kujua kama mtu anatembea au kajilaza. Mimi nakata, yeye anashona. Hospitali ilitaka ishirini na nne za majaribio Alhamisi. Zikikataliwa, cherehani ya Idalina inazimwa, na kabakiza miezi kumi na moja tu apate pensheni kamili.

Jumanne injinia wetu, Kendall, akavaa moja. Akikaa, safi. Akiinua mkono, kwenye kioo cha kompyuta mstari wa moyo unaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto.

"Uzi mbovu," akasema. "Mshono wako hauna neno, Dona Idalina."

Ungedhani Idalina atafurahi. Wapi! Akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena, akanilia mkate wangu mtamu wote bila hata kuomba.

"We mama, una siafu viatuni?" nikamuuliza.

"Nyamaza, Hermínio. Nipe hiyo fulana."

Akaigeuza ndani nje, akavaa miwani. Kwapani, pale anaporudi mara tatu, ncha za uzi wa fedha zilikuwa zimerundikana kama nywele kwenye chanuo. Akavuta mkono wa fulana: zikagusa uzi wa jirani. Akaachia: zikaachana.

"Ni mimi," akasema.

Nikamsogelea. "Hajui mtu. Acha walaumu uzi. Uzi hausubiri pensheni."

Akanitazama kama nimetema mate kanisani. "Na mgonjwa akiinua mkono achukue kikombe, daktari akadhani anakata roho?"

Akamwita Kendall mbele ya watu wote. "Binti, ni mkono wangu huu."

Kendall akasema tusirudi nyuma tena, mwisho wa mshono tuweke tone la gundi.

"Gundi! Mama yangu angenizaba kofi."

Lakini alizifumua zote mwenyewe, siku mbili, akilaani kwa Kireno, maana kweli mshono wake haufumuki: uliua nyembe tano. Kisha akazishona upya, kwa gundi.

Alhamisi watu wa hospitali walipofika, alivaa moja yeye mwenyewe, akainua mikono yote miwili. Mstari haukuruka.

"Inafanya kazi," akasema mmoja wao. "Ila mama, moyo wako unakwenda mbio sana."

"Wako ungetembea?"

Wakachukua zote. Kendall akabandika utepe kwenye kishikio cha cherehani cha kurudisha mshono nyuma, kisibonyezwe tena. Idalina mpaka leo, akifika mwisho, kidole kinakipapasa. Anaguna, anatia gundi.