Tope la Ziwani na Majani ya Mgomba

Je, nta ya jani la mgomba inaweza kupenya tope kwa siku tatu? Swali hilo lilininyima usingizi wiki nzima, na sikuweza kumuuliza mtu bila kujifichua.

Nilimaliza chuo Morogoro miaka ile Serikali ilipoacha kuwapangia kazi wahitimu. Wenzangu waliuza mitumba. Mimi mhadhiri wangu alinichukua nimsaidie katika utafiti wa ziwa moja la chumvi huko kaskazini. Majani yakianguka, nta yake husombwa na mvua hadi ziwani, ikakaa kwenye tope maelfu ya miaka. Kaboni ya nta ya miti ni nyepesi kidogo kuliko ya nyasi za nyikani. Ukiipima, unajua kandokando palikuwa na msitu au mbuga.

Kule ziwani foili ya kufungia sampuli ilituishia vikiwa vimebaki vipande viwili vya tope. Mhadhiri alikuwa amekwenda kutafuta dizeli. Nikanunua majani ya mgomba kwa akina mama wa barabarani, nikavifunga. Wala sikufikiri. Kwetu Uluguru mama alifunga hivyo udongo wa kufinyangia vyungu, usikauke. Tuliporudi chuoni siku tatu baadaye, nikavihamishia kwenye foili bila kumwambia mhadhiri.

Majibu ya maabara ya ng'ambo yalipokuja, yalikuwa nyasi tupu, isipokuwa mahali pawili: miti.

"Msitu, mwanangu," mhadhiri alisema, kidole kikiwa juu ya grafu. "Pale pakavu vile." Ripoti ingeondoka baada ya wiki moja, pamoja na barua ya kuniombea nafasi ya masomo.

Nilikwenda kwa fundi wa maabara, mzee wa Kiluguru, nikaomba daftari la namba za vipande.

"Shikamoo, mzee. Mabaki ya tope yapo?"

"Marahaba. Yapo kwenye friji. Vipi msomi, unataka kupanda mchicha?"

Namba za vipande nilivyovifunga kwa majani zilikuwa zilezile mbili zilizotoa miti.

Hata hapo nilijitetea. Labda msitu ulikuwepo kweli. Labda nta iliishia juujuu. Niliizunguka ofisi ya mhadhiri mara tatu nikipanga sentensi ya kwanza. Kila nilipoipata, niliikumbuka barua. Kisha nikawaza kuwa ripoti ikishaondoka, hakuna atakayelipima tena lile tope. Nikabisha hodi.

"Vile vipande viwili," nilisema kabla hata ya kumwamkia, "nilivifunga kwa majani ya mgomba. Foili iliisha. Sikukwambia."

Alivua miwani. "Kwa hiyo msitu wangu ni mkungu wa ndizi."

Sikujua kama nicheke. Barua ilikuwa mezani, haijasainiwa. Nikachukua kalamu yake nyekundu, nikazikata zile nukta mbili kwenye grafu.

"Mabaki yake yapo," nilisema. "Nitakwangua nje, tupime ya ndani."

Nikatoka kwenda kuyatoa kwenye friji.