Kiraka cha Bibi

Wenzake walimwita Fundi Gundi, na kweli, hata siku ya mapumziko vidole vyake vilinuka gundi. Kazi yake ilikuwa kutibu vitabu vikongwe katika chumba cha vitabu adimu cha maktaba ya chuo kikuu: kushona kurasa zilizoachana, kuziba matundu ya mchwa, kuvisha majalada mapya.

Kimoja kati ya vitabu hivyo kilitoka kwao. Ni mashairi aliyoyaandika babu yake kwa mkono wake, na mama akakikabidhi maktaba mchwa walipoanza kukila. Jalada lilipochanika zamani, bibi alilishonea kiraka cha gauni lake kuukuu, mishono minene, imepinda kama njia ya mlevi. Fundi alijua ni kazi ya bibi, lakini siku hizo alikuwa mgeni kazini, anatafuta sifa. Akaona tambara tu. Akalibandua, akalitupa, akavisha ngozi nyororo. Akasifiwa, na mgema akisifiwa wajua mwenyewe. Mwaka ule halikusalimika jalada kuukuu hata moja.

Miaka ikapita. Mama akapofuka, kisha maradhi yakamlaza. Uji hataki, dawa hataki.

"Mwanangu, nataka nikishike kitabu cha baba, mara moja tu kabla sijaenda."

Vitabu adimu havitoki chumbani, ulie usilie. Fundi alimsumbua mkuu wake mpaka akakubali mgonjwa aletwe. Basi dada yake Fundi akamsukuma mama kwa kiti cha magurudumu, na kitabu kikawekwa mbele yake. Mama akalipapasa jalada. Akarudia, polepole.

"Mama alishona hapa. Mshono uko wapi?"

Vidole vyake vikalizunguka jalada lote.

"Hiki si chetu, mwanangu. Mrudishieni mwenyewe."

Jamani, si hapo ndipo mtu husema kweli? Ulimi ukamwia mzito, mwoga yule. "Samahani, mama. Wamekosea kabati. Nitakutafutia chenyewe."

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Maktaba gani hii inapoteza vitabu? Haya, nitangoja."

Na akangoja. Hata uji akaanza kunywa, apate nguvu za kurudi. Fundi naye akachukua gauni kuukuu la mama, akakata kipande, akaketi kushona kiraka kingine. Lakini mkono uliozoea kunyoosha ulikataa kupinda. Alishona, akafumua, akashona tena, akilia mbele ya wenzake bila kujali.

Alikuwa bado na sindano mkononi dada yake alipopiga simu.

"Kaka, mama ametutoka."

Fundi akaichomeka sindano kwenye kiraka.

"Asubuhi alikuwa na nafuu kabisa. Kaniambia nimvalishe gauni la kutokea, nimchane na nywele. Kisha kaniuliza kama mmeshakiona."