Meno ya Bunju

Mlio wa gamba la konokono likivunjika ni mdogo na mkavu, kama njiti ya kiberiti inayovunjwa kati ya vidole viwili. Juzi mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi nilipotoka uani na ndala zangu nikamkanyaga mmoja pale mlangoni. Mtu mwingine angefuta ndala kwenye majani akaendelea na shughuli zake. Mimi nilirudi ndani, nikakaa. Nilikuwa na miaka kumi tena, nimepiga magoti mbele ya tangi la kioo katika nyumba ya kupanga, Maisaka, mjini Babati, nikimsikiliza samaki akila.

Tulifika Babati wakati mkoa wa Manyara ukiwa mchanga kabisa. Baba yangu alikuwa karani wa masijala. Aliniambia kwamba katika ofisi yao mpya mafaili yalipangwa sakafuni kwa kukosa makabati, na mgeni akiingia ilibidi aruke faili za ardhi ili aifikie meza ya elimu. Alihamishwa kutoka Kigoma, akaja na sisi watoto wawili: mimi Zawadi, na mdogo wangu Daudi aliyekuwa na miaka sita. Mama alikuwa muuguzi, naye alibaki Kigoma kusubiri uhamisho wake. “Miezi miwili, mitatu,” Baba alisema. “Barua ikipita tu, anapanda treni.”

Siku moja kabla ya safari, Mama alinipa ndoo ndogo yenye kifuniko kilichotobolewa matundu. Ndani yake mlikuwa na samaki mwenye urefu wa kidole gumba changu, mwenye mistari na madoa ya njano na nyeusi, tumbo jeupe, na macho mawili yaliyotazama kila moja upande wake. Alikuwa bunju, yule samaki anayejivimbisha kama puto akiogopa. Mjomba Festo, mdogo wake Mama, alikuwa na kazi ya kupiga mbizi ziwani Tanganyika kukamata samaki wa mapambo, wale wanaosafirishwa kwenda kuwekwa kwenye vioo vya watu wa mbali, na huyo mmoja alimpata kwenye mdomo wa mto. Alinieleza kila kitu akiwa amechuchumaa mbele yangu: maji ya bomba yalale siku nzima kabla ya kumwekea, yabadilishwe nusu kila wiki, asiwekwe na samaki wengine maana atawang’ata mapezi. Na chakula chake ni konokono pamoja na magamba yao.

“Akikosa kitu kigumu cha kutafuna,” Mjomba alisema, “meno yake hayaishi kukua.”

Mama akaongeza la kwake. “Nimekukabidhi wewe, Zawadi. Mlishe vizuri. Nikija nataka nimkute amenenepa.”

Kwa mtu mzima hayo ni maneno ya kumfariji mtoto asilie. Mimi niliyachukua kama mapatano. Niliamini kwamba Mama atakuja kumwona samaki huyo, na kwamba wajibu wangu ni kumweka hai mpaka siku hiyo.

Niliipakata ndoo ile kwenye treni mpaka Dodoma, halafu kwenye basi la vumbi lililopitia Kondoa. Kila abiria alitaka kuchungulia. Mama mmoja aliyekaa jirani yetu alimtazama bunju, akamtazama Baba, akauliza kwa upole, “Mnakwenda kukosa kitoweo huko?” Baba alicheka mpaka akakohoa. Nadhani ndiyo mara ya mwisho katika mwaka ule nilipomwona akicheka namna ile. Tulipofika Bonga, mji ukiwa umebaki hatua chache, bunju alivimba akawa mpira mdogo wenye miiba, kisha akasinyaa polepole, kama aliyekuwa akipumua kwa niaba yetu sote.

Fundi vioo wa karibu na soko hakuwahi kutengeneza tangi la samaki maishani mwake. La kwanza lilivuja likalowesha zulia la mwenye nyumba. La pili lilikaa. Tuliliweka sebuleni juu ya meza imara, tukatia mchanga, mawe mawili na kipampu cha hewa alichotupa Mjomba, kilichonguruma mchana kutwa mpaka umeme ukatike. Samaki tulimwita Mheshimiwa, kwa kuwa mji wakati ule ulijaa waheshimiwa wapya, na yeye alikuwa na kitambi chao na namna yao ya kukuangalia bila kukuangalia. Alinijua. Nikiingia kutoka shuleni alikuja mbele ya kioo akatikisa mapezi kwa haraka, na nikichelewa kumpa chakula alinirushia maji usoni.

Konokono walipatikana Ziwa Babati, lakini ziwa lile lina viboko, na maji ya kingoni yana kichocho. Baba alitukataza kabisa kukanyaga huko. Alikwenda mwenyewe kila Jumamosi asubuhi, amevaa mabuti ya mpira juu ya suruali ya ofisini, na kopo mkononi. Wavuvi walimzoea wakamtania. “Karani, mshahara umechelewa?” walimwuliza. “Leo tena mboga ni konokono?” Baba aliwaambia kwamba kuna mtu nyumbani ana meno mabaya.

Alirudi na konokono ishirini, thelathini. Mimi na Daudi tulipiga magoti mbele ya kioo. Mheshimiwa alimzunguka konokono, akainamisha kichwa, akasubiri ajitokeze kidogo, halafu: kwaa! Meno yake manne, yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, yalilivunja gamba, na vipande vikashuka mchangani taratibu. Daudi alipiga makofi kila mara kama vile hajawahi kuona.

Mama alipiga simu Jumamosi hizohizo, saa nne asubuhi, kwenye simu ya dukani kwa Mama Tatu, jirani yetu. Mama Tatu alikuwa mfanyabiashara mwenye sauti isiyohitaji simu. Aliita juu ya ua, “Mama Zawadi yuko hewani!” na mtaa mzima ukajua. Nilimweleza Mama habari za Mheshimiwa: amekula wangapi, amekuwa urefu wa kalamu yangu. Kisha nikauliza, “Barua imepita?” Mama akasema, “Mwulize baba yako.” Nami nikienda kwa Baba, alijibu, “Iko mezani kwa mkubwa.”

Miezi mitatu ikawa sita. Simu za Jumamosi zikaanza kuruka wiki. Baba naye akabadilika. Alirudi kutoka kazini akakaa na viatu vyake mpaka giza linaingia, gazeti limefunguliwa ukurasa uleule. Jumamosi alilala mpaka jua linapanda juu ya Mlima Kwaraa. Mabuti yalikaa nyuma ya mlango yakaota utando wa buibui. Nilimkumbusha mara mbili. Mara ya tatu aliniambia, bila ukali, “Mpe tunachokula sisi, mwanangu.”

Nikampa. Nilimpa vipande vya nyama vilivyokatwa vidogo, dagaa waliolowekwa, mara nyingine punje za wali. Alivipenda. Alinenepa, na mimi nikajisifu kwamba nimepata ufugaji rahisi kuliko wa Mjomba. Sikuona kilichokuwa kikitokea mdomoni mwake, kwa sababu jambo lenyewe lilikwenda polepole kama kucha zinavyokua.

Baada ya miezi kadhaa akaanza kukataa chakula. Alikuja mbele mbio kama kawaida, akaugusa mnofu, akautema, akaugusa tena. Nilidhani amedeka. Nikamkatia vipande vidogo zaidi. Kitambi kikaingia ndani, ngozi ikakunjamana, na bado kila nilipoingia alikuja kunipokea. Daudi, ambaye bado hakujua kusoma vizuri, ndiye aliyeona. “Dada, Mheshimiwa hafungui mdomo. Meno yamemfunga.”

Jumamosi iliyofuata nilikaa dukani kwa Mama Tatu tangu saa mbili. Mama alipopiga nilimweleza kwa kilio. Aliniambia nisubiri, akamtuma mtu amwite Mjomba Festo, akapiga tena baada ya saa nzima na kunipa maelekezo ya Mjomba. Tutafute mkasi mdogo wa kucha. Tumshike kwa kitambaa kilicholowa. Tukate ncha za meno kidogokidogo.

“Na humohumo majini, Zawadi,” Mama alisema. “Msimtoe nje hata kidogo. Akivimba kwa hewa hawezi kuitoa. Umesikia?”

“Nimesikia.”

Nilikimbia nyumbani nikirudia maelekezo kwa sauti, na kila nilipoyarudia yalipungua. Baba aliposikia alisimama mara moja. Sijui alipata wapi nguvu. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko kama daktari, akaleta beseni, akaniuliza, “Kuna kingine alichosema?”

Nikasema, “Hakuna.”

Tulimshika pamoja. Mkono wa Baba ulikuwa mkubwa mno kwa beseni lile, na ndani ya maji hakuweza kuona ncha za meno, basi akamwinua juu apate mwanga. Alikata jino la kwanza vizuri, na la pili. Mheshimiwa alitoa mlio kama mlango unaokwaruza, akaanza kuvimba, na alichovuta hakikuwa maji. Tulipomrudisha kwenye tangi alielea tumbo juu kama boya. Mapezi yake yalijitahidi kumzamisha, yakashindwa. Baba alimsukuma chini kwa kiganja kwa upole, akashikilia, akaachia, naye akarudi juu. Alifanya hivyo mpaka alasiri, shati likiwa limelowa, akisema kwa sauti ya chini, “Haya, mzee. Haya, jaribu.” Saa kumi hivi mapezi yalitulia.

Hapo nilikuwa nimekwisha kukumbuka neno nililosahau: humohumo majini. Nikafanya wanachofanya watu wanaojua kosa ni lao. Nilisimama katikati ya sebule nikapiga kelele.

“Umemuua! Ulikataa kwenda ziwani, sasa umemuua! Mama hatakuja tena, na ni kwa sababu yako!”

Daudi akaanza kulia. Baba alikausha mikono kwa kitambaa. Nilitamani anipige, ili tuwe sawa. Badala yake alimfunga samaki kwenye gazeti, akachukua jembe, akaenda kuchimba shimo refu kupita kiasi nyuma ya choo, maana bunju ana sumu na hakutaka kuku wa jirani wamfukue.

Jumamosi iliyofuata alikwenda mwenyewe kupokea simu. Nilimfuata nikajibanza kwenye magunia ya unga. Nilimsikia akisema, “Amekufa. Nilimtoa nje ya maji.” Akasikiliza. “Hapana, aliniambia. Aliniambia yote. Mimi ndiye niliyesahau.”

Laiti ningetoka nyuma ya magunia. Lakini mtoto ana njia zake za kujiokoa. Nilijiambia: unaona, amekiri mwenyewe. Na kufikia mwisho wa mwaka nilikuwa ninaamini kweli kwamba nilimwambia.

Mama hakuja. Barua iliendelea kuwa mezani kwa mkubwa, mwaka wa kwanza na wa pili, mpaka tukaacha kuuliza. Nilikwenda sekondari ya bweni, na kila likizo niliporudi nilikaa na Baba kama mtu anayekaa na mwenye nyumba. Nilimheshimu, nilimpikia, sikumwambia kitu. Alijenga kijumba chake Nangara, akalima mahindi, akazeeka peke yake. Hakuoa tena.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina kazi yangu, nilipokwenda Kigoma kumsalimia Mama. Alikuwa na mume mwingine na binti wa miaka kumi na mbili. Tulikuwa tukichambua mchele barazani nikamwuliza, kwa mara ya kwanza tukiwa uso kwa uso, ni nani aliyeizuia ile barua. Aliweka ungo chini.

“Sikuandika barua yoyote,” alisema. “Tulikubaliana na baba yako kabla hamjaondoka kwamba mimi sitakwenda. Nilimwomba awaambie ninyi polepole, mkikua. Nilidhani alishawaambia.”

Niliondoka Kigoma siku mbili kabla ya wakati wangu. Nilimkuta Baba shambani Nangara anapukuchua mahindi. Nilikaa chini kando yake, nikamwambia nilichokisikia, na nikamwambia pia lile neno la majini nililomficha, ambalo lilinirudia njiani kutoka Kigoma. Hilo la pili alilijua tangu siku ile ya simu. Mimi ndiye niliyedhani limefichika. Nikamwuliza kwa nini aliniacha nimchukie miaka yote ile.

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu.

“Ilikuwa lazima umkasirikie mtu,” alisema. “Mama yako alikuwa mbali, asingeweza kukubembeleza. Mimi nilikuwa hapahapa.”

Baba alifariki baada ya masika yaliyofuata. Kwa hiyo nilipata mwaka mmoja hivi wa kuwa mwanawe. Nilikuwa nikitoka kazini Ijumaa, nikifika Nangara jioni, nikimwambia shikamoo, naye akiniitikia marahaba, mwanangu. Kabla ya hapo nilikuwa nimemwamkia kila nilipomwona tangu Mheshimiwa afe, kwa adabu zote, bila kumsalimia kwa moyo hata mara moja.